Dozi Inaanzia kwenye Uzito wa Mtoto

Hapa kwenye machimbo ya Mwakitolyo, mchimbaji akipeleka dhahabu yake kwa mnunuzi, macho hayabanduki kwenye mizani. Pointi moja ikipungua, ni ugomvi. Lakini dawa ya mtoto tunaikadiria kwa kijiko cha chai. Jambo hili linaniuma sana, mimi ninayeshinda kwenye kaunta ya duka la dawa muhimu.

Juzi alikuja mama amembeba mwanawe mwenye kifafa. "Dada, nasikia bangi inatibu kifafa. Nimchemshie majani kiasi gani?"

Alichosikia kina ukweli ndani yake. Juni 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye kanabidioli iliyosafishwa kutoka kwenye mmea wa bangi, kwa aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Lakini tazama inavyopimwa. Mtoto hupandishwa kwenye mizani kwanza, kisha huanzishiwa miligramu 2.5 kwa kila kilo, asubuhi na jioni. Baada ya wiki huongezwa hadi 5. Mwenye kilo 12 anaanza na miligramu 30 kila mara. Mililita moja ya dawa hiyo ina miligramu 100, kwa hiyo anavutiwa mililita 0.3 tu kwenye bomba. Damu yake nayo hupimwa, kuangalia kama ini liko salama.

Majani ya sufuriani nani ameyapima? Humo mna THC, ile inayolevya, na ikinywewa huweza kuchelewa hata saa mbili. Mzazi akiona kimya anaongeza, kisha dozi zote zinapanda pamoja. Mtoto anaweza kulala asiamshike, hata pumzi ikafifia. Tena sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 inaikataza bangi.

Nikamuuliza yule mama dawa ya hospitali iko wapi. Akafungua pindo la khanga: fenobabitoni, vidonge bado vingi. "Nampa siku akianguka tu."

Shida ilikuwa hapo. Dawa ya kifafa humezwa kila siku kwa kipimo alichoandika daktari, hata mwezi upite mtoto hajaanguka. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege la mfululizo. Nikampigia mistari kwenye daftari: tarehe, saa, ameanguka dakika ngapi, dawa amemeza au hakumeza. Daktari akiliona ndipo ataamua kama dozi iongezwe. Degedege likizidi dakika 5, asiandike kitu. Apande bodaboda, hospitali moja kwa moja.