Mlezi wa Wanafunzi Naye Hufundwa
Huko Haydom, wilayani Mbulu, ambako hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 ina chuo chake cha wauguzi, mlezi wa wanafunzi aletewapo kijana aliyeshtakiwa utovu wa nidhamu, barua ikimtetemeka mkononi, ilmu ya kwanza imlazimuyo ni kusikiliza kabla ya kuhukumu. Kwani Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6), yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa. Ilmu hiyo, nami naishikilia kwa dhati, haiji na cheo, bali kwa kufundishwa kuhoji mashahidi pasipo kutisha, kuandika kumbukumbu na kupima adhabu. Na mfano wa kujadili kabla ya kuadhibu haupo mbali: huko Hanang, wanawake wa Kibarbaigi tangu jadi wana baraza lao la kumjadili mwanamume aliyemdhulumu mwanamke na kumtoza faini.