Eka moja isiyotimia

Ndugu msomaji, mtu akikuambia, "Shamba hili ni eka moja kamili," usitoe fedha bado. Chukua kamba, umwite na mwanao asomaye shule, kwa maana hesabu hii yeye huifahamu.

Mashamba mengi si mstatili. Tuseme hili limekaa hivi: upande wa juu wafuata barabara, mita 60, upande wa chini wafuata mto, mita 100. Barabara na mto vyaenda sambamba. Mipaka miwili iliyobaki imelala mshazari, kila mmoja mita 52. Umbo la namna hii huitwa trapeza.

Muuzaji hujumlisha 60 na 100, akagawanya kwa mbili, akapata 80. Hapo hakukosa. Kisha huzidisha kwa 52, ule mpaka wa mshazari, akapata mita za mraba 4,160. Eka ni mita za mraba 4,047 hivi, basi hukuambia kwamba hata imezidi! Lakini shamba halipimwi kwa mshazari. Hupimwa kwa kimo, yaani njia iliyonyoka toka barabarani hadi mtoni, nayo hapa ni mita 48. Themanini mara 48 ni 3,840. Eka haikutimia. Zimepungua mita za mraba 207, nawe ungalizilipia.

Hesabu ya muuzaji huyu ni ya zamani sana. Katika hekalu la Edfu huko Misri, lililojengwa kati ya mwaka 237 na 57 kabla ya Kristo, yameandikwa mashamba yaliyopimwa vivyo hivyo, kwa pande tupu pasipo kimo. Hesabu hiyo haipunguzi shamba hata mara moja. Hulizidisha, isipokuwa shamba likiwa mstatili.

Je, kimo utakipataje? Funga kamba iwe duara la mita 12, uiwambe kwa vigingi vitatu, pande zake ziwe mita 3, 4 na 5. Ule wa mita 3 ulaze juu ya mstari wa barabara. Ule wa mita 4 utakuonyesha njia iliyonyoka kwenda mtoni. Ufuate huo, upime.

Ukiona shaka kwa nini twagawanya kwa mbili, mwambie mtoto akate karatasi mbili za umbo la shamba hili. Moja aipindue juu chini, aiunge na mwenzake kwenye mshazari. Pembe ya chini ni nyuzi 67 hivi, ya juu 113. Jumla 180, ndiyo maana karatasi zaungana kwa mstari ulionyoka. Sasa una msambamba wenye kitako cha mita 160 na kimo cha 48. Shamba lako ni nusu yake.

Na ndugu wawili wakirithi shamba hili? Wengi hulikata katikati ya kimo, mmoja juu, mmoja chini. Wa juu hupata mita za mraba 1,680, wa chini 2,160, na ugomvi huanza. Afadhali kigingi kimoja kipigwe barabarani kwenye mita 30, kingine mtoni kwenye mita 50, kamba ivutwe baina yake. Kila mmoja atapata 1,920, pamoja na mlango wa barabarani na maji ya mto.