Nafasi ya Waaborijini katika Masomo ya Historia Shuleni Australia

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mtoto wa shule nchini Australia alijifunza historia ya nchi yake kuanzia baharini. Alianza na mabaharia, hasa James Cook aliyefika pwani ya mashariki mwaka 1770, kisha akafundishwa habari za koloni la wafungwa lililoanzishwa Sydney mwaka 1788. Kitenzi kilichotawala kilikuwa 'kugundua', kile kile walichokariri wanafunzi wa Afrika Mashariki kuhusu Speke na Ziwa Viktoria.

Katika mihadhara yake ya redio ya mwaka 1968, mwanaanthropolojia W.E.H. Stanner alidai kwamba kimya cha wanahistoria kuhusu Waaborijini hakikutokana na usahaulifu, bali kilikuwa sehemu ya muundo wenyewe wa uandishi wao. Dai hilo ni zito. Hata hivyo, kwa upande wa darasani neno 'kimya' halitoshi. Watoto walielezwa mambo: bumerengi, mkuki, kibanda cha magome ya miti. Walivichora vitu hivyo madaftarini. Lugha zaidi ya 250 zilizozungumzwa barani humo kabla ya walowezi, pamoja na sheria za koo kuhusu ardhi, hazikupewa uzito. Na maelezo yenyewe yalitolewa katika wakati uliopita: waliwinda, waliishi, walitoweka.

Baadhi ya waliozungumziwa hivyo hawakuruhusiwa hata kuketi darasani. Katika jimbo la New South Wales, mwalimu mkuu aliweza kumkataa mtoto wa Kiaborijini ikiwa wazazi wa Kizungu walimpinga. Kifungu cha aina hiyo kilidumu hadi mwaka 1972.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Tasmania. Vizazi vya wanafunzi viliambiwa kwamba Truganini, aliyefariki mwaka 1876, ndiye aliyekuwa wa mwisho wa watu wake. Mifupa yake ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Hobart tangu 1904 hadi 1947. Wakati huo huo, wazao wa wanawake wa Kiaborijini wa Tasmania waliishi katika visiwa vya mlango-bahari wa Bass. Mtoto wa jamii hiyo aliyefundishwa somo hilo alikuwa akiambiwa na mwalimu wake kwamba hayupo. Mabaki ya Truganini yalichomwa mwaka 1976, na majivu yake yakatawanywa baharini na Waaborijini wa Tasmania wenyewe.