Je, Wajua Kwamba Tupu Si Sifuri?

Jimbo la Maniema nchini Kongo lina zoni za afya 18, na kila mwezi unapokwisha, kila zoni, iwe ni Kasongo, au Kunda, au Samba, au Lusangi, au Saramabila, au Kabambare kule kunakopakana na Kivu ya Kusini, yapaswa kukusanya hesabu za vituo vyake, za waliougua surua na malaria, waliozaliwa, waliochanjwa na waliofariki, kisha kuzitia katika kompyuta zipate kusomwa Kindu, makao makuu ya jimbo, na Kinshasa. Watu wengi wakisikia hayo huistaajabia kompyuta. Mimi ninachokistaajabia, na kinachonikera kwa jinsi kinavyofahamiwa vibaya hata na wenye vyeo, ni ile nafasi isiyoandikwa kitu ndani ya jedwali, ambayo wajuzi wa hifadhidata huiita NULL, na ambayo aghalabu husomwa kana kwamba ni sifuri.

Hifadhidata za namna hii, zenye majedwali yanayounganishwa kwa funguo, zina baba anayejulikana. Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923 na aliyerusha ndege katika Vita Vikuu vya Pili kabla ya kuhamia Marekani, alitoa nadharia yake mwaka 1970 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, na mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatangaza lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo twaijua kwa jina la SQL. Jedwali ni nini sitaeleza, maana Kasongo ni mji uliozoea daftari za biashara tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, kabla majeshi ya kamanda Mbelgiji Dhanis hayajauteka mwaka 1893, na wenyeji wake hawahitaji kufundishwa mistari na safu.

Lililo geni ni hukumu. Mantiki tuliyorithi kwa wanafalsafa wa Kiyunani yajua hukumu mbili, kweli na uongo, ilhali mantiki ya SQL inazo tatu: kweli, uongo na haijulikani. Ukiiuliza hifadhidata kama 5 ni sawa na 5, itakujibu kweli. Ukiiuliza kama 5 ni sawa na nafasi tupu, haitasema uongo, bali itasema haijulikani, kwa sababu lile lililo ghaibu huenda likawa 5 na huenda lisiwe. Na ukiiuliza kama tupu ni sawa na tupu, hapo ndipo wanafunzi wapandwapo na hasira, kwani jibu ni lile lile, haijulikani. Na kwa kuwa sharti la utafutaji hupitisha mistari iliyohukumiwa kuwa kweli peke yake, mstari wenye shaka huachwa nje pamoja na wa uongo, bila onyo wala alama. Basi ukitafuta vituo vyenye wagonjwa zaidi ya 10, kisha ukatafuta vituo vyenye wagonjwa 10 au pungufu, ukajumlisha makundi hayo mawili, usishangae kuona vituo vingine havimo katika kundi lolote. Ili kuvipata yakupasa kutumia sharti lililowekwa mahususi kwa ajili ya tupu, IS NULL, ambalo haliulizi thamani bali huuliza kama thamani ipo.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa vituo vinne vya zoni moja katika mwezi mmoja wa surua: cha kwanza kimeandika wagonjwa 12, cha pili 0, cha tatu 8, na cha nne hakikuleta kitu. Jumla ni 20, na jumla hiyo haibadiliki hata ukiigeuza ile tupu kuwa sifuri; ndiyo sababu jumla ni hesabu inayodanganya kwa upole kuliko zote. Ukiomba wastani, hifadhidata itagawanya kwa vituo vitatu na kukupa 6 na theluthi mbili; aliyeijaza nafasi ile kwa sifuri atapata 5, na atakwenda mkutanoni na habari njema ya ugonjwa unaopungua. Ukihesabu mistari kwa amri ya COUNT utapata 4, na ukihesabu safu ya wagonjwa kwa amri hiyo hiyo utapata 3. Tofauti ya hesabu hizo mbili, yaani moja, ndiyo habari kubwa ya mwezi, nayo haionekani katika ripoti nyingi kwa kuwa hakuna aliyeiuliza.

Uko mtego mbaya zaidi ya huo. Msimamizi anazo zoni zake 18 katika jedwali moja, na ripoti zilizofika katika jedwali la pili, naye ataka kujua ni zoni zipi hazimo miongoni mwa zilizoripoti. Basi, kwa nia njema kabisa, aandika swali lake kwa maneno NOT IN. Lakini katika jedwali la ripoti umo mstari mmoja ambao karani alisahau kuutia jina la zoni. Kabla ya kusema kwamba Kabambare haimo, mashine yalazimika kuthibitisha kwamba Kabambare si Kasongo, na si Kunda, na si ile tupu. Mawili ya kwanza ni kweli, la tatu halijulikani, kwa hiyo hukumu nzima haijulikani, na mstari wa Kabambare watupwa. Hutupwa vivyo hivyo kila zoni isiyoripoti, na jibu huja bila mstari hata mmoja, naye msimamizi huamini kwamba zote 18 zimeleta. Mstari mmoja uliosahauliwa jina waweza kulificha jimbo zima. Anayejua kazi hutumia NOT EXISTS, au huyaunganisha majedwali kwa muungano wa kushoto, ambao huzibakiza zoni zote hata zile zisizo na mwenzi upande wa pili, kisha huchagua zile zilizobaki tupu.

Kasongo haikuwa ngeni katika elimu hii ya wasiokuwapo. Mradi wa Kasongo, ulioanza mwaka 1971 ukiwa na wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ulichapisha mwaka 1981 katika jarida la Lancet matokeo ya chanjo ya surua juu ya uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35, na uchunguzi wa namna hiyo hauwezekani pasipo kumfuata mtoto mmoja mmoja, kwa maana aliyekosekana ni lazima ijulikane kama amehama, au amefariki, au hakuletwa tu siku ile. Hata leo katika vituo vya chanjo vya Kongo huwekwa sanduku la miadi lenye vyumba vya miezi: kadi ya mtoto huwekwa katika chumba cha mwezi anaotazamiwa, akija, kadi hupelekwa mbele, na mwezi ukiisha zile kadi zilizobaki ndizo majina ya kutafutwa nyumba kwa nyumba. Huo ni muungano wa kushoto uliofanywa kwa karatasi. Codd mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alitaka tupu ziwe za aina mbili, ya thamani iliyopo lakini haijaletwa na ya thamani isiyoweza kuwapo, ilhali mwenzake C. J. Date alizikataa tupu zote. Watengenezaji wa hifadhidata hawakumsikiliza hata mmoja wao, nami naona katika hili Codd alidhulumiwa, kwani kituo kisichozalisha wajawazito na kituo ambacho wauguzi wake wamekimbia mapigano havistahili kuandikwa alama moja.

Leo kazi ya taarifa imekabidhiwa DHIS2, programu iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo data zake hukaa ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL. Programu hii, isipoagizwa vinginevyo, haihifadhi sifuri, kwa hoja kwamba sifuri ni nyingi mno na huirudisha nyuma kasi ya mashine. Matokeo yake ni kwamba mwuguzi aliyehesabu kwa uaminifu akaandika 0, na mwenzake ambaye hakuhesabu kabisa, huwa sawasawa katika jedwali la data. Dawa ipo, nayo ni rahisi: msimamizi aweza kuiamuru programu ihifadhi sifuri za safu zilizo muhimu, na tena lipo jedwali jingine linaloandika ni fomu zipi zilizotangazwa kukamilika, ambalo ndilo la kuunganishwa na orodha ya vituo vyote. Hata hivyo, fedha hutumika kwa ukarimu katika ramani za rangi, ilhali ripoti ya kijiji huja juu ya pikipiki katika barabara ambayo msimu wa mvua huigeuza matope. Na mlipuko wa surua wa mwaka 2019, uliowaua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, haukungoja ramani ikamilike.

Kazi nyingine za msimamizi nazipitia kwa haraka: kuweka faharasa katika safu zinazotafutwa sana, kunakili hifadhidata kila usiku na kuijaribu nakala kabla ya msiba, kugawa ruhusa, kuzuia mstari usio na jina la zoni usiingie hata mara moja.

Nawasihi basi wauguzi wa Kasongo na Kabambare: mwezi usiokuwa na mgonjwa uandikeni 0 kwa kalamu iliyokolea, msiache nafasi wazi wala msipige kistari. Na ninyi mnaokaa mbele ya kompyuta, msijaze tupu kwa sifuri ili jedwali lipendeze. Swali la kwanza la kila mwezi, kabla ya jumla na kabla ya wastani, liwe ni vituo gani havijaleta kitu, na orodha yake ibandikwe mlangoni mwa ofisi.