GARI LA MBIO LIJALO: BEI YAKE, INJINI YAKE, NA HESABU YETU

Mji wa Tukuyu ni mji wa mvua. Mvua inyeshapo, kazi za shambani husimama, waendesha bodaboda hujibanza katika vibaraza vya maduka, na vijana hukaa pamoja wakizungumza. Katika mazungumzo yao mawili hayakosi kutajwa: mpira na magari. Na katika magari, sifa kubwa kabisa hupewa lile ambalo bado halijafika mikononi mwa mtu, yaani gari la mbio lijalo. Mmoja husema injini yake ni ya namna hii, mwenziwe hukataa. Wa tatu hutaja bei, wala hawezi kueleza ameipata wapi.

Wazee wetu wakiyasikia hayo hukasirika, na husema kwamba vijana wanapoteza wakati kwa mambo ya nchi za mbali. Sisi twawaheshimu wazee, lakini katika jambo hili twaona kuwa ubaya haumo katika mazungumzo yenyewe, bali katika namna yanavyoendeshwa. Kukisia bei na injini ya gari ni hesabu, ni elimu ya maumbile, na ni biashara. Kijana ajifunzaye kukisia kwa kipimo atafaidika siku atakapotoa fedha zake, au za baba yake, kununua chombo chochote. Basi na tulichukue gari moja, tulichunguze pamoja.

Yaliyotangazwa na yaliyokisiwa

Mwezi wa Desemba 2025 kampuni ya Toyota ya Japani ilionesha gari la mbio liitwalo GR GT. Yaliyotangazwa siku hizo ni haya. Injini yake ni ya lita 4, yenye silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V, na ina tabo 2, navyo ni vyombo vinavyoshindilia hewa ndani ya injini. Injini hiyo husaidiwa na mota ya umeme. Nguvu za vyote viwili pamoja zilitajwa kuwa nguvu za farasi 650 au zaidi, na mwendo wake wa juu kabisa kilomita 320 kwa saa au zaidi. Uzito ulikusudiwa usizidi kilo 1,750, na kiunzi cha gari ni cha alumini. Ni gari la watu 2 tu. Kampuni ilisema kuwa inatarajia kuanza kuliuza mnamo 2027. Bei haikutajwa.

Hapo ndipo penye mpaka ambao kila kijana yafaa aujue. Injini imetangazwa na mwenye kuitengeneza. Basi anayebishana juu ya idadi ya silinda anabishana na jambo lililokwisha kusemwa. Bei haikutangazwa, basi aitajaye hana budi kusema, "Nakisia," kisha aeleze sababu zake. Mazungumzo mengi huharibika kwa kuchanganya mambo haya mawili, dhana ikavaa nguo za hakika.

Je, bei yaweza kukisiwa kwa akili? Naam, yaweza. Mwenye kukisia hutazama kwanza yaliyopita. Toyota iliwahi kutengeneza gari la mbio liitwalo 2000GT, kuanzia 1967 hadi 1970, kwa kushirikiana na kampuni ya Yamaha. Yalitengenezwa magari 351 tu, na huko Marekani liliuzwa kwa kiasi cha dola 7,000, fedha nyingi sana kwa zama zile. Baadaye, kuanzia Desemba 2010 hadi Desemba 2012, ikatengeneza gari la Lexus LFA. Hilo lilikuwa na silinda 10, injini ya lita 4.8, na bei yake Marekani ilianzia dola 375,000. Yalitengenezwa magari 500 tu.

Kwa nini LFA lilikuwa ghali? Sababu kubwa ni kwamba mwili wake ulifumwa kwa nyuzi za kaboni, kazi ya polepole yenye gharama, na idadi ya magari ilikuwa ndogo, hivyo gharama zote za uchunguzi ziligawanywa kwa wanunuzi wachache. Gari jipya limejengwa kwa alumini, ambayo ni rahisi zaidi kuliko kaboni. Kwa sababu hiyo si ajabu likawa na bei ya chini kuliko LFA. Lakini fedha za miaka hii hazina nguvu ile ya 2010, na mota ya umeme nayo ina gharama yake. Kwa hiyo, akisemaye kwamba litauzwa kwa bei ya gari la kawaida hakutazama yaliyopita. Hivi ndivyo akili ikisiavyo: hutazama vilivyotangulia, ikapima tofauti, ikatoa kadirio, nayo ikawa tayari kulirekebisha habari mpya zinapofika.

Hesabu ya bandarini

Sasa na tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba gari kama hilo, pamoja na nauli ya meli na bima hadi Dar es Salaam, lina thamani ya dola 200,000. Je, mwenye dola 200,000 ataweza kulipeleka Tukuyu? Hataweza, kwani ipo serikali, na serikali ina kodi zake.

Kwa viwango vilivyokuwapo mwaka 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 50,000; jumla inakuwa 250,000. Ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini: injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 haitozwi, ile inayozidi 1,000 hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na inayozidi 2,000 hutozwa asilimia 10. Injini ya lita 4 ni sentimita 4,000, basi ni asilimia 10, yaani dola 25,000; jumla 275,000. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, yaani dola 49,500. Jumla kuu ni dola 324,500, na bado tozo ndogo ndogo na gharama za usajili. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 800. Tukisema pikipiki mpya ni shilingi milioni 3, basi gari moja la watu 2 lingenunua pikipiki 270, kila moja ikilisha nyumba moja.

Lakini faida ya hesabu hii haipo katika gari la mbio, ambalo pengine hakuna hata mmoja kati yetu atakayelinunua. Faida ipo katika gari dogo lililotumika, ambalo kijana wa Rungwe aliyeuza parachichi au chai anaweza kuliagiza kutoka Japani. Na tuseme gari la injini ya lita 1.3, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, limethaminiwa dola 3,000 hadi bandarini. Ushuru wa forodha ni dola 750, jumla 3,750. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5, ni kama dola 188. Kisha huja ushuru wa uchakavu, kwani gari lisilo la biashara lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30, nazo ni dola 1,125. Jumla inakuwa kama 5,063. Ongeza asilimia 18, utapata karibu dola 5,974.

Tazameni, ndugu wasomaji: gari la dola 3,000 limekuwa la dola 6,000 kabla halijawashwa! Gari la mbio jipya liliongezeka kwa kiasi cha asilimia 62. Gari dogo kuukuu limeongezeka kwa asilimia 99. Mwenye kuona bei katika mtandao akadhani ndiyo bei yote, gari lake litafika bandarini naye hana cha kulipia, na kila siku likaapo pale gharama za uhifadhi huongezeka. Isitoshe, Mamlaka ya Mapato ina viwango vyake vya thamani ya magari yaliyotumika, na haifungwi na bei uliyopatana na muuzaji. Viwango hivyo mtu huweza kuvitazama katika mtandao wa Mamlaka hiyo kabla ya kutuma hata senti moja. Kodi nazo hubadilika kwa bajeti. Basi kuuliza kwanza ni wajibu wa kila mwenye kuagiza.

Injini katika nchi ya milima

Tuje kwenye injini. Vijana wengi hudhani kuwa ukubwa wa injini ndio nguvu yake. Sivyo. Injini huishi kwa hewa kama sisi. Tukuyu iko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Ile 2000GT ya zamani ilikuwa na nguvu za farasi 150; kama ingeletwa Tukuyu ingebaki na kama 128. Gari lenye tabo halipotezi sana, kwa kuwa tabo huishindilia hewa hata ikiwa nyepesi. Mwenye kutaka gari la kupanda kutoka Kyela hadi Tukuyu na kuvuka milima hadi Uyole, hili lamfaa kuliko kuhesabu silinda.

Na ushahidi upo karibu nasi. Mashindano ya Safari Rally ya Kenya yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari ya Toyota yalishinda mwaka ule na kila mwaka hadi 2025. Injini za magari hayo zilikuwa za lita 1.6 tu, zenye tabo. Ushindi wao katika vumbi na matope ya Naivasha ulitokana na uimara wa gari, ujuzi wa dereva, na bidii ya mafundi waliokesha wakilitengeneza.

Kadhalika tuuangalie mwendo. Kilomita 320 kwa saa ni mara 4 ya kilomita 80. Lakini nguvu ya mwendo aliyonayo gari, ambayo breki hazina budi kuimaliza ili lisimame, haiongezeki mara 4. Huongezeka mara 16. Ndivyo alivyojaalia Mwenyezi Mungu maumbile yawe, wala hayabadiliki kwa dereva hodari. Barabara yetu itokayo Uyole kupitia Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi, ina kona na miteremko mirefu. Kutoka Tukuyu hadi bonde la Kyela hushuka zaidi ya mita 1,000. Katika mteremko kama huo, ashikiliaye breki muda wote huzichemsha mpaka zisishike tena. Dereva mwenye elimu huweka gia ndogo, injini ikasaidia kulizuia gari. Na ndani ya mji sheria ni kilomita 50 kwa saa, kwa gari la farasi 650 na kwa bajaji pia. Kijana wa bodaboda akiyajua haya, huenda akafika nyumbani salama siku ya mvua.

Kulipia kisichokuwapo

Jambo la mwisho ni la fedha zitolewazo kabla ya kitu. Mwezi wa Novemba 2017 kampuni ya Tesla ya Marekani ilionesha gari la mbio la umeme liitwalo Roadster. Bei ilitajwa kuanzia dola 200,000, na magari ya kwanza dola 250,000 zilipwe mapema. Ilisemwa kuwa litatoka mwaka 2020. Mwaka 2025 ulikwisha, na hakuna mnunuzi aliyekuwa amekabidhiwa gari hilo.

Wanazuoni wa sheria yetu walilitambua jambo hili karne nyingi kabla ya magari. Waliiruhusu biashara ya salam, ambayo ni kulipa leo kwa kitu kitakachotolewa baadaye, kwa sharti sifa zake, kipimo chake na muda wa kukabidhiwa vijulikane wazi. Na waliikataza biashara ya gharar, ambayo ndani yake mtu hajui anachokinunua wala atakipata lini. Tajiri wa Marekani akingoja miaka 8, pengine halali njaa. Lakini kijana wa Rungwe akiuza ng'ombe wa maziwa, au akikopa kwa riba na kuweka rehani shamba la migomba la mama yake, ili atume fedha kwa wakala asiyemjua, kwa gari aliloliona kwa picha, hasara yake huilala nyumba nzima na njaa.

Basi, wazazi, msiwafukuze vijana barazani wanapozungumza magari. Kaeni nao, mwulizeni kila mmoja maswali 3: Hilo limetangazwa na nani? Kama ni kisio, umelipima kwa nini? Na kama ni la kununua, jumla yake yote ni kiasi gani? Nanyi vijana, mpendao injini, nendeni mkazijue kwa mikono. Magari yapitayo Tukuyu kila siku, ya chai, ya ndizi, ya viazi na ya abiria, yanahitaji mafundi waaminifu wanaojua kusoma kipimo na kusema kweli juu ya ubovu. Elimu hiyo hailipiwi ushuru wa uchakavu, na inshaallah itakuwa na thamani hapa kwetu bei ya gari lile iwe iwavyo.