Upasuaji wa kupunguza uzito: "Mbona wewe si mnene hivyo?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokukataza upasuaji kwa kuwa "si mnene sana" hawajui kisukari chako.

Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kiwango cha BMI 40, au 35 kwa mwenye maradhi mengine. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilikishusha: 35 hata bila maradhi, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Uingereza, mwenye asili ya Kiafrika, Kiarabu au Kihindi huweza kupunguziwa 2.5 zaidi.

Lakini upasuaji si mchezo: utakula kidogo kidogo na kumeza vitamini maisha yako yote. Muulize daktari kwanza kuhusu dawa na sindano, halafu uamue mwenyewe.