Ukipatana na Punda Barabara ya Murera, Usimpigie Honi!

Msee, kama unaendesha nduthi ama gari huku Murera, lazima ushawahi kukwama nyuma ya punda wa maji kwa barabara nyembamba. Najua umechelewa, lakini wacha honi. Punda huona karibu pande zote, ila nyuma yake kabisa haoni kitu. Akishtuka, anaruka. Na mikokoteni mingi haina breki: mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 zinamsukuma mteremkoni.

Punguza spidi mapema, ngoja mahali pana, pita ukiacha nafasi, na usimkatie mbele ghafla. Na wewe wa mkokoteni, giza likiingia weka rifleta nyuma. Huyo punda ndiye unga na fees za mtu. Dakika moja tu, sote tufike home.